Bunduki Halali Katika Mkono Usio Halali

Mugoma ni kata ya Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika kona ya nchi ambako Tanzania inapakana na Burundi na Rwanda kwa pamoja. Watu wazima wa huko wanapozungumzia silaha, mawazo yao hukimbilia mpakani, nao wana sababu. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na makundi makubwa ya Warundi yakakimbilia Tanzania. Miezi sita baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo katika muda wa saa 24 hivi na kupiga kambi Benaco. Miongoni mwa umati ule walikuwamo watu waliowahi kushika silaha. Katika miaka iliyofuata, ujambazi wa barabarani ukawa sehemu ya maisha, na mabasi yaliyopita katika mapori ya Ngara, Biharamulo na Kibondo yakalazimika kwenda kwa msafara, yakisindikizwa na polisi.

Kumbukumbu hiyo imeacha somo moja lililokaa imara: silaha ya hatari ni ile iliyoingizwa kwa magendo, iliyofichwa porini, iliyo mikononi mwa mgeni. Somo hilo ni kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Ipo njia nyingine ambayo haivuki mpaka wowote. Bunduki huanza safari ikiwa halali kabisa, ina namba, ina kibali, ina mwenyewe anayefahamika. Kisha kwa wizi, kwa kuazimana, au kwa uzembe wa usiku mmoja, ikaishia katika mkono ambao sheria haikuuruhusu kamwe. Kwa mhudumu wa afya, njia hii ya pili ina uzito wa pekee, kwa kuwa inapita ndani ya nyumba za wagonjwa wake.

Silaha halali ziko kwa nani

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, wanaoshika silaha kihalali ni wa aina nyingi. Wapo askari polisi. Wapo askari wa uhifadhi, hasa tangu mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipopandishwa hadhi mwaka 2019 na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Wapo walinzi wa kampuni binafsi wanaolinda fedha na bidhaa. Wapo pia raia wenye leseni: mfanyabiashara, mfugaji, au mkulima anayelinda shamba lake dhidi ya wanyama waharibifu.

Msingi wa kisheria ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo usimamizi wake wa kila siku uko chini ya Jeshi la Polisi. Maombi ya raia anayetaka kumiliki silaha huanzia katika ngazi ya kijiji au mtaa na kupanda hadi ngazi za juu za ulinzi na usalama. Utaratibu huo una maana yake: anayepimwa ni mtu, tabia yake, akili yake na sababu zake. Leseni inayotoka mwishoni humhusu mtu huyo peke yake. Mkewe au mumewe hakupimwa, wala kijana wake, wala mdogo wake anayekuja kukaa wakati wa mavuno, wala jirani anayeomba kuazima bunduki kufukuza ngedere. Nyumba haina leseni. Mwenye leseni ni mmoja.

Tanzania haiko peke yake katika jambo hili. Tarehe 21 Aprili 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi, nayo ikaanza kutumika mwaka 2006. Itifaki hiyo inazitaka nchi ziziwekee silaha alama, zitunze kumbukumbu zake, zilinde maghala ya dola na zidhibiti umiliki wa raia. Waliounda mkataba huo walifahamu kwamba kuzuia magendo ya mpakani hakutoshi iwapo ghala la ndani linavuja.

Milango mitatu ya kupotea

Mlango wa kwanza ni uporaji. Mwezi Septemba 2014, watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Ushirombo, wilayani Bukombe, mkoani Geita. Askari wawili waliuawa, na bunduki za kituo zikachukuliwa. Ushirombo iko kwenye barabara ileile inayopita Nyakanazi na Lusahunga kuelekea Rusumo, hivyo habari hiyo haikuwa ya mbali kwa watu wa Biharamulo na Ngara. Januari 2015 kituo cha Ikwiriri, mkoani Pwani, kilivamiwa kwa namna hiyohiyo, askari wawili wakauawa na silaha zikaporwa. Tarehe 12 Julai 2015 ikawa zamu ya kituo cha Stakishari, jijini Dar es Salaam, ambako askari wanne walipoteza maisha. Baadhi ya bunduki zilizoporwa zilifukuliwa baadaye zikiwa zimefichwa ardhini wilayani Mkuranga. Katika matukio yote matatu, silaha iliyotafutwa ilikuwa ya dola, na walioilinda ndio waliokuwa wa kwanza kufa.

Mlango wa pili ni uvujaji wa polepole, usio na kelele. Utafiti wa taasisi ya Small Arms Survey uliochapishwa mwaka 2008 ulichunguza risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji wa Turkana Kaskazini, nchini Kenya. Wachunguzi walisoma alama zilizopigwa kwenye maganda, wakagundua kwamba sehemu kubwa ya risasi hizo ilifanana na zile zilizokuwa katika akiba za vyombo vya usalama vya Kenya yenyewe. Hakuna ghala lililovunjwa kwa kishindo. Risasi zilitoka chache chache, zikagawiwa, zikauzwa, zikaazimwa, mpaka zikawa nyingi. Ngazi ya kijiji nayo ina uvujaji wake: mlinzi anayemwachia mwenzake bunduki aende kula, mmiliki anayemtuma kijana wake alinde shamba usiku, ndugu anayerithi bunduki ya marehemu na kuitundika ukutani kana kwamba ni jembe la ukoo.

Mlango wa tatu ndio unaowahusu zaidi wahudumu wa afya, nao ni mikono ya nyumbani: mtoto mdadisi, kijana aliyegombana na wazazi, mwenza mwenye hasira na kilevi kichwani, mtu mzima ambaye sonona imemfikisha mahali pa kutotaka kuishi. Hakuna anayevunja kufuli hapa, kwa sababu mara nyingi kufuli haipo. Bunduki iko chini ya godoro, juu ya kabati au nyuma ya mlango, na kila aliye ndani ya nyumba anajua ilipo.

Dakika chache zinazoamua

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 700,000 hufa kila mwaka duniani kwa kujiua. Katika mwongozo wake wa kuzuia vifo hivyo, uliotolewa mwaka 2021, hatua iliyowekwa mbele ni kupunguza upatikanaji wa nyenzo, yaani kuweka umbali kati ya mtu aliye katika dhiki na kitu kinachoweza kumuua. Viuatilifu vya shambani na silaha za moto zimetajwa humo waziwazi.

Sababu yake inatokana na jinsi dhiki yenyewe inavyofanya kazi. Wengi wanaodhani kwamba aliyeamua kujiua atatafuta njia yoyote hukosea. Tafiti zilizofanywa kwa watu walionusurika zinaonyesha kwamba kwa wengi wao muda kati ya wazo na tendo ulikuwa mfupi sana, kwa baadhi dakika zisizozidi kumi. Wimbi hilo likipita bila nyenzo kuwa karibu, mtu hubaki hai, na wengi wa wanaonusurika hawafi kwa kujiua baadaye. Tatizo la bunduki ni kwamba haitoi nafasi ya pili. Aliyekunywa dawa anaweza kuwahiwa. Aliyejipiga risasi mara nyingi hafiki hata zahanati.

Israeli iliona jambo hili katika jeshi lake. Askari vijana walikuwa wakienda nyumbani mwisho wa juma wakiwa na bunduki zao. Mwaka 2006 utaratibu ulibadilishwa: bunduki zikabaki kambini. Kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2010, vifo vya kujiua miongoni mwa askari hao vilipungua kwa takriban asilimia 40, na upungufu huo ulitokea hasa katika siku za mwisho wa juma. Siku nyingine za juma hazikuonyesha badiliko kubwa. Vijana walikuwa walewale, na huzuni zao ni zilezile. Kilichobadilika ni mahali bunduki ilipolala.

Kwa upande wa watoto na vijana, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la JAMA ulilinganisha nyumba zenye silaha zilizopatwa na maafa na nyingine ambazo hazikupatwa. Mambo manne yalihusiana na usalama: bunduki kufungiwa, bunduki kuwekwa bila risasi, risasi kufungiwa, na risasi kuwekwa mahali tofauti na bunduki. Kila moja kati ya hayo manne lilikuwa na kinga yake. Hakuna hata moja linalohitaji mtambo wa gharama. Kasha la chuma na kufuli mbili imara vinatosha kuanzia.

Somo la Kampala

Mei 2023, jijini Kampala, mkopeshaji fedha aliuawa ofisini kwake kwa risasi zilizofyatuliwa na askari polisi. Polisi wa Uganda walieleza baadaye kwamba askari huyo alikuwa amewahi kulazwa kwa maradhi ya akili na alikuwa amezuiwa kukabidhiwa silaha. Bunduki aliyoitumia ilikuwa ya askari mwenzake waliyeishi naye chumba kimoja.

Tukio hilo linafaa kusomwa kwa makini, kwa sababu ni rahisi kulisoma vibaya. Msomaji wa haraka atahitimisha kwamba wagonjwa wa akili ni watu wa hatari. Hitimisho hilo si sahihi: walio wengi miongoni mwa watu wenye maradhi ya akili hawamdhuru mtu yeyote, na hatari iliyo kubwa zaidi kwao ni ya kujidhuru wenyewe au kudhuriwa na wengine. Jambo la kujifunza liko kwingine. Hatua ya kwanza ilichukuliwa: mgonjwa alitambuliwa na akazuiwa kushika silaha. Hatua ya pili haikukamilika: bunduki iliyokuwa jirani na kitanda chake haikufungiwa. Zuio la karatasini halikuwa na kufuli ya kulisaidia.

Somo jingine ni gumu zaidi. Askari, mlinzi au mhifadhi anayekiri kwamba hapati usingizi, kwamba anasikia sauti, au kwamba amechoka kuishi, anajua kwamba huenda akanyang'anywa silaha, na pamoja nayo kazi, posho na heshima. Kwa hiyo hunyamaza. Nchini Tanzania lipo pia zuio la ziada: jaribio la kujiua bado ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na hofu ya kushtakiwa huwafunga watu midomo. Mwajiri anayetaka silaha zake zisifike katika mkono usiofaa hana budi kuhakikisha kwamba anayejitokeza mapema kuomba msaada hapotezi riziki. Kumhamishia kazi isiyo ya silaha kwa muda, akiwa anatibiwa, ni kinga kwake na kwa wenzake.

Yanayoweza kufanyika katika zahanati

Wahudumu wa afya wamezoea kuuliza mambo ya nyumbani. Huuliza iwapo familia inalala ndani ya chandarua, maji ya kunywa yanachemshwa, mafuta ya taa na viuatilifu vimewekwa mbali na watoto. Swali la silaha ni la familia hiyohiyo, na halihitaji sauti ya mpelelezi. Kwa mzee aliyefiwa na mkewe na ambaye ameanza kukosa usingizi, muuguzi anaweza kusema: "Pole sana, baba. Kipindi kama hiki mawazo huwa mazito. Kama nyumbani kuna bunduki, ingekuwa vyema ikae kwingine mpaka upate nafuu. Iko wapi kwa sasa, na ufunguo wake uko kwa nani?"

Maswali matatu yanatosha kwa mazungumzo mafupi: je, nyumbani au kazini kuna silaha ambayo mgonjwa anaweza kuifikia, je, imefungiwa bila risasi, je, ufunguo uko kwa nani. Inafaa yaulizwe hasa pale mgonjwa anapoonyesha dalili za sonona, anapotaja kutotaka kuishi, anapotumia pombe kupita kiasi, anapoanza kupoteza kumbukumbu kwa uzee, au mwanamke anapofika na majeraha ya kipigo. Kuuliza kuhusu mawazo ya kujiua hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kulisema.

Siri ya mgonjwa inabaki kuwa msingi. Lengo la swali ni kupata ridhaa yake na ya familia ili silaha ihamishwe. Pale ambapo hatari ya kifo iko karibu, mhudumu asibaki peke yake na mzigo huo. Amshirikishe mganga mfawidhi na kufuata utaratibu wa kituo, na mgonjwa asiachwe bila mtu wa kukaa naye.

Mahali salama pa kuhamishia silaha pia panahitaji kutazamwa. Kumpelekea shemeji au jirani si suluhisho, kwa sababu naye hana leseni ya silaha hiyo, na kosa la kwanza litakuwa limezaa la pili. Njia iliyonyooka ni mmiliki kwenda kituo cha polisi na kuomba silaha ihifadhiwe huko, akipewa maandishi ya kuipokea. Vivyo hivyo mmiliki anapofariki: bunduki haigawiwi katika kikao cha matanga pamoja na mashamba na mifugo. Familia iijulishe polisi na kuikabidhi mapema, kabla mtu yeyote hajaanza kuizoea.

Kwa mmiliki na kwa mlinzi

Kwa raia mwenye leseni, kanuni za nyumbani ni chache na zinakumbukika. Bunduki ihifadhiwe ikiwa haina risasi. Ifungiwe katika kasha la chuma lililofungwa imara ukutani au sakafuni. Risasi zifungiwe mahali pengine. Ufunguo uwe kwa mwenye leseni pekee, usitundikwe kwenye msumari unaofahamika na nyumba nzima. Silaha isiazimwe kwa yeyote, hata kwa usiku mmoja, hata kwa ndugu wa damu. Ikipotea, taarifa itolewe polisi mara moja. Anayesitasita kwa kuogopa lawama humpa mwizi muda wa kufika mbali.

Kwa walinzi na askari, kinga iko katika daftari na katika makabidhiano. Namba ya silaha isomwe na kuandikwa kila inapotoka na kila inaporudi, risasi zihesabiwe mbele ya wote wawili, na anayepokea atie saini baada ya kuhesabu. Msimamizi wa zamu amtazame anayepokea: je, amelewa, amekosa usingizi, amebadilika kuliko jana? Dakika mbili hizo ni uchunguzi wa afya hata kama hazifanywi na daktari.

Kwa anayeshika silaha isiyo na kibali, mlango haujafungwa. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, ukiwemo wa Septemba na Oktoba 2022. Matangazo ya namna hiyo yanastahili kusomwa katika mikutano ya vijiji na kubandikwa penye mbao za matangazo za zahanati, ambako wengi hupita.

Risasi ikishatoka

Kinga ikishindwa, kazi ya kwanza ni kuzuia damu. Aliye karibu ahakikishe kwanza kwamba silaha imeondolewa na mahali ni salama, kisha abane jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia kila mara ili kuchungulia. Damu nyingi ya mkono au mguu isiyokoma huhitaji kufungwa kwa mkanda mpana juu ya jeraha, na saa ya kufunga iandikwe. Majeruhi afunikwe asipate baridi na asafirishwe haraka. Fomu ya polisi ya PF3 ina umuhimu wake kisheria, lakini uhai wa majeruhi ndio unaotangulia.

Hata hivyo, jiografia ya Ngara haina huruma kwa mwenye jeraha la tumbo au kifua. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato iko mbali, na Bugando, jijini Mwanza, iko mbali zaidi. Daktari bingwa aliye mwisho wa safari hiyo hawezi kurudisha damu iliyomwagika njiani. Kwa kata kama Mugoma, kinga iliyo karibu kuliko zote ni kasha la chuma ndani ya nyumba ya mwenye leseni, na muuguzi wa zahanati ambaye, akishampima mgonjwa shinikizo la damu na kumuuliza habari za nyumbani, haoni haya kuuliza ufunguo uko kwa nani.